Kusoma Anga Iliyotoboka: Jan Högbom na Kazi ya Kusafisha Taswira za Nyota

Utangulizi

Yeyote aliyewahi kuketi mbele ya muswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu anajua kwamba kusoma si kuona tu. Mnakili wa zamani akiandika be na te, kila moja na irabu ya a, msomaji wa leo anaweza kusoma bata, pata au mbata. Hati hizo, jinsi zilivyotumiwa na wanakili wetu wengi, hazikuwa na alama ya kutenga p na b, wala hazikuionyesha nazali ya mb kila mara. Kilichopo karatasini ni kimoja. Usomaji unaowezekana ni zaidi ya mmoja. Kinachomwokoa msomaji ni yale anayoyajua kabla hajaufungua muswada: kwamba kila kipande kina mizani nane, kwamba vina vinafuata utaratibu fulani, na kwamba mbata haogelei.

Makala haya yanahusu mtu wa taaluma iliyo mbali na yetu ambaye alikabiliana na tatizo la aina hiyo hiyo, ila muswada wake ulikuwa anga. Jina lake ni Jan Högbom, Mswidi, na kazi yake iliyosomwa kuliko zote ni makala ya kurasa 10 iliyochapishwa mwaka 1974. Nimechagua kumweleza yeye kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwa sababu njia aliyoibuni inamlazimu kila anayeitumia kulijibu swali ambalo sisi wahakiki tunalikwepa mara nyingi: katika kile ninachosema nimekisoma, ni kipi kilichokuwapo, na ni kipi nilichokiweka mwenyewe?

Neno moja kuhusu istilahi. Nitatumia mwanaastronomia, si kwa kulipenda, bali kwa sababu mnajimu kwa wasemaji wengi ni yule anayetazamia nyota za watu kwa malipo, na falaki nayo imezibeba maana zote mbili tangu ilipotujia kutoka Kiarabu. Msomaji aliye na neno bora alitumie.

Sahani moja haitoshi

Ili kumwelewa Högbom, hatuna budi kuanza na udhaifu wa darubini za redio. Darubini hizi hazipokei nuru ionekanayo kwa macho, bali mawimbi ya redio yatokayo kwenye nyota, mawingu ya gesi na galaksi. Uwezo wa darubini yoyote kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu hutegemea mambo mawili: upana wa darubini na urefu wa wimbi linalopokewa. Wimbi likiwa refu, darubini nayo haina budi kuwa pana. Mawimbi ya redio ni marefu mno yakilinganishwa na nuru. Haidrojeni iliyotapakaa baina ya nyota, mathalani, hutoa wimbi lenye urefu wa sentimita 21. Sahani yenye kipenyo cha mita 25, ambayo ni kubwa kuliko nyumba ya kawaida, ikipokea wimbi hilo huona eneo lenye upana wa mwezi mpevu kama nukta moja. Chochote kilichomo ndani ya nukta hiyo hakitengeki. Ili darubini ya aina hii ione sawasawa na jicho la mwanadamu, jicho tu lisilo na miwani wala ala yoyote, ingehitaji sahani yenye kipenyo cha mita 700 au zaidi.

Hakuna aliyeweza kujenga sahani kama hiyo na kuigeuza huku na huku. Suluhisho lililopatikana, ambalo Martin Ryle wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliliendeleza kuliko wengine, lilikuwa kutumia sahani ndogo kadhaa zilizotawanywa na kuziunganisha kwa nyaya. Kila jozi ya sahani hupima kitu kimoja kuhusu anga. Jozi zilizokaribiana hupima mabadiliko mapana. Zilizoachana hupima mabadiliko madogo. Kisha Dunia inapozunguka, mkao wa kila jozi ukiutazama kutoka angani hubadilika, na jozi hiyo hiyo hupima kitu kingine saa moja baadaye. Vipimo hivyo vikikusanywa kwa saa nyingi na kupitishwa katika hesabu iliyopewa jina la Mfaransa Fourier, hutokea taswira kana kwamba kulikuwa na sahani moja kubwa. Ryle alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1974, akishirikiana na Antony Hewish.

Högbom alikuwa mwanafunzi wa Ryle, na alihitimu shahada ya uzamifu huko Cambridge mwaka 1959. Kutoka hapo alivuka bahari hadi Leiden nchini Uholanzi, ambako mwanaastronomia mashuhuri Jan Oort alikuwa akipigania ujenzi wa darubini kubwa kwa ushirikiano wa Uholanzi na Ubelgiji. Mpango wa awali ulikuwa darubini yenye umbo la msalaba. Ubelgiji ilijitoa, msalaba ukaachwa, na badala yake ukajengwa mstari mmoja wa sahani kutoka mashariki kuelekea magharibi, mahali paitwapo Westerbork. Darubini hiyo ilifunguliwa rasmi mwaka 1970. Ilianza na sahani 12, kila moja na kipenyo cha mita 25, na hatimaye zikafika 14 kwenye mstari wa kilomita 2.7. Högbom alikuwa miongoni mwa waliobuni jinsi ambavyo ingefanya kazi.

Sipendi kupita Westerbork bila kusema kwamba ardhi ile ina historia nyingine. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili palikuwa na kambi ambamo Wanazi waliwakusanya Wayahudi wa Uholanzi kabla ya kuwapeleka kwenye kambi za mauaji. Zaidi ya watu 100,000 walipitia pale, akiwemo msichana Anne Frank. Leo sahani zile zimejipanga kandokando ya kumbukumbu yao.

Taswira chafu

Tukirudi kwenye vipimo: tatizo ni kwamba havitoshi, na haviwezi kutosha. Sahani 12 au 14 zina jozi chache, na hata Dunia ikizunguka, zipo nafasi nyingi ambazo hakuna jozi iliyowahi kuzikalia. Chukua mfano wa okestra ya taarabu inayosikilizwa na watu ambao kila mmoja ana sikio la ala moja tu. Yupo wa fidla, yupo wa udi, yupo wa ngoma; hayupo wa kanuni wala wa nai. Tukikusanya waliyoyasikia na kuyapiga upya, wimbo utajulikana, lakini utakuwa na mapengo, na mapengo hayo hayatakuwa kimya tu. Katika hesabu ya Fourier, sauti inayokosekana huacha mawimbi ya uongo pande zote za sauti iliyopo.

Hivyo ndivyo inavyotokea angani. Kila chanzo cha redio huonekana kimezungukwa na mapete na mikia isiyokuwapo. Wanaastronomia huiita taswira ya namna hii taswira chafu, na lile umbo la mapete na mikia linalozunguka kila nukta tutaliita hapa mwangwi wa darubini. Chanzo chenye nguvu hupiga mwangwi mkubwa kiasi cha kuvifunika vyanzo dhaifu vilivyo jirani. Mtazamaji asiyejua anaweza kutangaza kwamba amegundua galaksi mpya, kumbe amegundua mkia wa galaksi ya zamani.

Jambo ambalo Högbom alilishika ni hili: mwangwi huo ni uongo, lakini ni uongo unaojulikana. Kwa kuwa tunajua sahani zilisimama wapi na Dunia ilizunguka kiasi gani, twaweza kukokotoa umbo la mwangwi hata kabla ya kutazama anga. Kila nukta ya nuru huleta mwangwi ule ule, ukubwa wake ukilingana na nguvu ya nukta hiyo. Basi tukiipata nukta moja ya kweli, twaweza kuiondoa pamoja na uongo wake wote.

Njia yake inaweza kuelezwa kwa mtoto wa shule. Tafuta mahali penye mng'ao mkubwa kuliko pote katika taswira chafu. Chukulia kwamba pana nukta ya kweli hapo. Iandike kando, mahali ilipo na nguvu yake. Kisha toa kwenye taswira nukta hiyo pamoja na mwangwi wake. Tazama kilichobaki, tafuta tena mng'ao mkubwa kuliko yote, ufanye vivyo hivyo. Endelea hadi kinachobaki kifanane na mchakato mtupu wa redio isiyoshika stesheni. Hatimaye chukua orodha ya nukta ulizoziandika, uzichore upya zikiwa safi bila mikia, na juu yake urudishe yale mabaki. Njia hiyo ilipewa jina CLEAN, yaani safisha.

Mfano wa nambari utafaa zaidi ya maneno. Tuseme angani kuna nukta mbili tu zilizokaa kwenye mstari: ya kwanza ina nguvu 10, na ya pili, kulia kwake, ina nguvu 4. Tuseme pia kwamba mwangwi wa darubini yetu ni nusu ya nguvu ya nukta, na huangukia hatua moja kushoto na hatua moja kulia. Kwa bahati mbaya nukta ya pili imekaa papo hapo unapoangukia mwangwi wa kulia wa nukta ya kwanza. Taswira chafu itasomeka hivi kutoka kushoto: 5, 12, 9, 2. Macho yataona nyota nne. Hakuna nambari hata moja kati ya hizo iliyo sahihi.

Sasa tusafishe. Mng'ao mkubwa ni 12. Tukiuandika na kuuondoa pamoja na mwangwi wake wa 6 kila upande, kinabaki: -1, 0, 3, 2. Mkubwa sasa ni 3. Tukiuondoa na mwangwi wake wa 1.5, kinabaki: -1, -1.5, 0, 0.5. Hapa msomaji ataona kitu cha ajabu: kilichobaki kwa wingi kuliko vyote ni hasi, pale tulipoondoa 12. Maana yake ni kwamba tuliondoa kupita kiasi, kwa hiyo tunarudisha 1.5 na nguvu ya nukta ya kwanza inakuwa 10.5. Mabaki sasa ni -0.25, 0, 0.75, 0.5. Tukiondoa 0.75, nukta ya pili inafikia 3.75. Nimeiendeleza hesabu hii kwa kalamu kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu, mimi niliyeiacha hisabati kwa furaha baada ya kidato cha nne, na kila mzunguko unazisogeza nambari zile karibu zaidi na 10 na 4, huku nyota mbili za uongo zikiyeyuka. Njia inayakosoa makosa yake yenyewe. Ndiyo maana katika matumizi halisi haiondolewi nguvu yote kwa mara moja, bali sehemu ndogo tu, mara nyingi moja ya kumi, ili kosa la mzunguko mmoja lisiwe kubwa mno kusahihishwa na mingine.

Dhana iliyofichwa

Mhakiki wa fasihi ana haki ya kuuliza: kama vipimo vina mapengo, maelezo ya kuziba mapengo hayo yalitoka wapi? Hayakutoka angani, kwa kuwa hakuna jozi iliyoyapima. Ukweli ni kwamba ziko anga nyingi zisizo na idadi ambazo zingeleta vipimo vile vile. Taswira chafu yenyewe ni mojawapo. Ni kama be na te za mnakili wetu.

Kilichoamua ni dhana: kwamba anga kwa sehemu kubwa ni giza tupu, na kwamba vilivyomo ni nukta chache zilizotawanyika. Dhana hiyo imefichwa katika hatua ya kwanza kabisa, pale tunapoambiwa tuchukulie kwamba kila mng'ao mkubwa ni nukta. Inafanya kazi iliyo sawa na ya arudhi kwa msomaji wa utenzi. Arudhi haituambii mtunzi alisema nini, lakini hutuondolea maelfu ya mambo ambayo hakuweza kuyasema.

Högbom aliiweka njia yake mezani kama fundi anayeonyesha chombo kinachofanya kazi, bila uthibitisho kamili wa kihisabati. Uchambuzi wa kihisabati ulikuja mwaka 1978 kutoka kwa Ulrich Schwarz, na mwaka 1980 Barry Clark alionyesha jinsi tarakilishi inavyoweza kuikamilisha kazi hiyo kwa haraka zaidi. Mwaka huo huo wa 1980 ilizinduliwa darubini ya Very Large Array katika jangwa la New Mexico nchini Marekani, yenye sahani 27 na hivyo jozi 351. CLEAN ikawa chombo chake cha kila siku. Taswira ya galaksi Cygnus A iliyochapishwa mwaka 1984 kutokana na darubini hiyo ilionyesha uzi mwembamba wa mata ukitoka kitovuni hadi kwenye mawingu makubwa ya redio yaliyojaa nyuzinyuzi. Nyuzi hizo zisingeonekana katika taswira chafu.

Dhana ikivunjika, njia nayo huyumba. Wingu pana na laini la gesi si nukta chache. CLEAN ikilikuta wingu kama hilo hulivunja kuwa maelfu ya nukta, na pengine huacha milia ambayo haikuwapo. Wanaastronomia waliijua kasoro hii mapema, na mwaka 2008 Tim Cornwell alichapisha namna ya kuirekebisha ambapo, badala ya nukta pekee, msafishaji hutafuta pia mabonge ya ukubwa mbalimbali. Yaani arudhi iliongezwa bahari mpya.

Jirani wa mwaka 1974

Mwaka ule ule wa makala ya Högbom, mwanaastronomia mwingine, Mwingereza Leon Lucy, alichapisha njia tofauti ya kuzirudishia ukali taswira zilizofifia. Kwa kuwa William Richardson alikuwa ametoa njia ya aina hiyo mwaka 1972, leo hutajwa kwa majina ya wote wawili. Dhana yao haikuwa nukta chache. Ilikuwa kwamba nuru haiwezi kuwa hasi, na kwamba inafika kwa chembe zinazohesabika.

Njia hiyo ilipata umaarufu kupitia mkasa ambao una uzi mmoja unaofika pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kukifanya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kuwa mshukiwa mkuu wa kwanza wa kuwa shimo jeusi. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Riccardo Giacconi, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, mwaka 2002. Giacconi huyo huyo ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Marekani iliyosimamia sayansi ya darubini ya anga ya Hubble.

Hubble ilirushwa Aprili 1990. Mwezi Juni ikatangazwa kwamba kioo chake kikuu kilikuwa kimesuguliwa vibaya: ukingoni kilikuwa bapa mno kwa takriban mikromita 2, kiasi kidogo sana kuliko unene wa unywele. Kila nyota ikawa na ukungu kuizunguka. Hadi wanaanga walipopeleka vioo vya kurekebisha Desemba 1993, wanaastronomia walikuwa na miaka mitatu ya taswira zenye mwangwi, na kama ilivyokuwa kwa Högbom, umbo la mwangwi ule lilijulikana. Njia ya Richardson na Lucy ilitumika sana kipindi hicho. Ilikuwa na hila yake: ukirudia mizunguko mingi kupita kiasi, chembechembe za kelele huanza kugeuka kuwa nyota. Ujuzi ulikuwa katika kujua wakati wa kuacha, na nadhani wahariri wa miswada watakubali kwamba huo ndio ujuzi mgumu kuliko yote.

Makundi manne

Mtihani mkubwa wa njia hizi ulikuja miaka 43 baada ya makala ya Högbom. Aprili 2017, darubini 8 zilizo katika maeneo 6, kuanzia Chile hadi Hawaii, Uhispania na Ncha ya Kusini, zilielekezwa kwenye vyanzo kadhaa kwa pamoja. Kimojawapo kilikuwa kitovu cha galaksi M87, iliyo umbali wa miaka-nuru milioni 55. Mradi huo unaitwa Event Horizon Telescope. Lengo lilikuwa kuona kivuli cha shimo jeusi, kitu ambacho upana wake angani ni kama wa chungwa lililowekwa juu ya mwezi. Darubini ya Ncha ya Kusini haikuweza hata kuiona galaksi hiyo, kwa kuwa iko upande wa kaskazini wa anga. Mapengo ya Westerbork yalikuwa madogo yakilinganishwa na haya. Huu ulikuwa muswada uliobaki na maneno machache kila ukurasa.

Hofu ya watafiti haikuwa kukosa kuona kitu. Ilikuwa kuona kile walichotamani. Nadharia ilikuwa imeshatabiri pete, kila mmoja alitarajia pete, na dhana ikitamaniwa sana hujipenyeza katika kila uamuzi mdogo. Kwa hiyo mwaka 2018 waligawanywa katika makundi manne yaliyokatazwa kuzungumza baina yao kuhusu taswira. Makundi mawili yalitumia CLEAN ya Högbom. Mawili yalitumia njia mpya zaidi, ambazo huanza na anga ya kukisia na kuirekebisha hadi ilingane na vipimo. Baada ya wiki kadhaa walikutana na kuweka taswira zao pamoja. Zote nne zilikuwa na pete, iliyong'aa zaidi upande wa kusini.

Hawakuishia hapo. Walitengeneza vyanzo vya kubuni vya maumbo mbalimbali, vikiwemo visivyo na pete kabisa, wakavipitisha katika njia zao ili kuhakikisha kwamba njia hizo hazigeuzi kila kitu kuwa pete. Taswira iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019 na kuchapishwa na magazeti ulimwenguni kote ilikuwa wastani wa njia tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa CLEAN. Magazeti mengi yalimpa sifa mtu mmoja, Katie Bouman, kijana aliyekuwa miongoni mwa waliobuni mojawapo ya njia mpya, na yeye mwenyewe akasisitiza kwamba ilikuwa kazi ya wengi. Msafishaji wa Westerbork hakupata nafasi kwenye kurasa za mbele.

Je, pete ile ilikuwapo? Mwaka 2022 watafiti watatu wa Japani, Makoto Miyoshi na wenzake, walichapisha uchambuzi wao wa vipimo vile vile. Wao pia walitumia CLEAN. Hawakupata pete bali kitovu na mkondo wa mata, na walidai kwamba pete ilizaliwa na mapengo ya vipimo, ikisaidiwa na uamuzi wa kuruhusu nuru katika eneo dogo tu la taswira. Timu ya mradi iliyakataa madai hayo, na watafiti wengine wa nje ya timu waliochambua vipimo kwa njia zao waliipata pete. Msomaji ataona kwamba chombo kimoja kilitumiwa na pande mbili zikafikia mahali tofauti. Sioni kwamba hii ni aibu kwa chombo. CLEAN haikuwahi kuahidi kumwondolea msomaji jukumu la kuchagua. Humlazimisha tu kuutaja uchaguzi wake, ili mwenzake aweze kuukosoa akiwa na vipimo vile vile mkononi. Kwa maoni yangu, ushahidi wenye uzito zaidi ni ule wa Januari 2024, zilipotolewa taswira za vipimo vilivyochukuliwa mwaka 2018, darubini ya Greenland ikiwa imeongezwa. Pete ilikuwapo, ukubwa ule ule. Sehemu yake inayong'aa zaidi ilikuwa imezunguka kwa takriban digrii 30.

Mabaki

Nimeiacha hadi mwisho hatua ya mwisho ya njia ya Högbom, kwa kuwa ndiyo iliyonivuta kuandika makala haya. Baada ya kuzichora upya nukta zilizosafishwa, yale mabaki, yaani yote ambayo msafishaji hakuweza kuyaeleza, hayatupwi. Hurudishwa kwenye taswira na kuchapishwa nayo. Mtu anayeitazama taswira iliyokamilika anaweza kuona, kandokando ya galaksi iliyo safi, mikwaruzo hafifu ambayo dhana ya nukta chache haikuitosheleza. Anaweza kuipima kelele, na akaamua mwenyewe kama msafishaji aliacha mapema mno au alichelewa.

Katika tasnifu ninayoiandaa mimi mna ubeti ambao mchwa wamekula mwanzo wa kipande chake cha tatu. Zimesalia be na te. Mizani haitusaidii, kwa kuwa pata, bata na mbata yote yana silabi mbili; kina hakitusaidii, kwa kuwa yote yanaishia na ta; na ubeti wenyewe unamzungumzia mtu aliyeteremka jahazini na shehena yake, kwa hiyo huenda alipata, na huenda alileta mbata. Mimi nimesoma pata. Msimamizi wangu anasoma mbata, na anayo hoja nzuri. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na neno moja tu, limepigwa chapa kwa herufi zile zile za mistari mingine, na hakuna msomaji ambaye angejua kwamba palikuwa na shimo. Rasimu ya pili ina mabano mahali pa mchwa, na chini ya ukurasa yapo masomo yote matatu, hata la bata.